Panga na Mgomba

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba, ukaenea katika vibanja vya Buhaya. Ni maradhi yenye hila. Majani hugeuka manjano, na mkungu huiva kabla ya wakati wake. Mwenye njaa huufurahia, lakini akimenya ndizi hukuta ndani imeharibika, ina rangi ya kahawia. Baya zaidi, panga lililokata mgomba mgonjwa, lisipopitishwa motoni, hupeleka ugonjwa katika mgomba mzima. Hivyo mkulima mwenye bidii huweza kuwa mchukuzi wa maradhi shambani mwake mwenyewe.

Mkristo wa Bilele atakaye kulinda imani yake hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mafundisho ya uongo hayabishi hodi kwa jina lake. Huja yamevaa rozari au yamekumbatia Biblia, yakafunga na kusali kuliko majirani. Huko Kanungu, katika nchi jirani ya Uganda, lilikuwako kundi lililojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Miongoni mwa viongozi wake alikuwamo padri msomi. Mcha Mungu gani angezitilia shaka Amri Kumi? Lakini wafuasi waliuza mali zao wakawakabidhi viongozi fedha. Kisha wakakatazwa kusema, wakawa wanaongea kwa ishara, eti ulimi usije ukashuhudia uongo. Mwisho wa dunia uliotabiriwa kwa kumalizika mwaka 1999 haukuja. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada, na baadaye maiti nyingine zilifukuliwa katika mashimo mahali mbalimbali. Mwaka 2023 Kenya nayo ilifukua maiti zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, wengi wao wakiwa watu waliojinyima chakula hadi kufa kwa tumaini la kumwona Yesu.

Misiba hiyo humfanya mlinzi wa imani anoe panga. Ni haki yake. Ila na alipitishe motoni kwanza. Mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda miongoni mwao, kwa sababu ya ukaidi wao katika uamsho wa Balokole. Uamsho huo uliingia Buhaya pia ukayatikisa makanisa. Wazee wengi hawakuupenda, na yamkini walikuwa na sababu, maana mwenye kutubu kwa sauti kubwa hakosi kiburi chake. Hata hivyo, Josiah Kibira, mtu wa uamsho huo huo, alikuwa askofu wa Kilutheri wa Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Basi wa kweli na wa uongo walitofautianaje, ikiwa wote walilia, wote walisali, na wote walishutumu kanisa kwa ubaridi? Mlokole aliungama mbele za watu, akarudisha alichoiba kwa mwenyewe. Mfuasi wa Kanungu alinyamaza, na chake kikachukuliwa. Tofauti hiyo haihitaji shahada kuonekana.

Kibanja cha Mhaya kina makaburi ya wazee wake, wala desturi haipendi kiuzwe bila ukoo kuarifiwa. Mhubiri anapomshauri mgonjwa auze kimyakimya apate fedha ya mafuta ya upako, baba mdogo asiyejua teolojia hata chembe huweza kuuliza: fedha anapokea nani, na kwa nini ndugu wasijue? Mhubiri aghalabu hujibu kwamba swali hilo ni la shetani. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakafungua Maandiko wampime. Wala haikuandikwa popote kwamba Paulo alikasirika.