Kungoja Wimbo

Subira huvuta heri, walisema wahenga. Lakini hawakutuambia ni nani hulipa gharama ya subira hiyo. Nataka kueleza habari ya kungoja wimbo. Ni jambo dogo machoni pa wakubwa, lakini kwetu sisi watoto wa Dongobesh, katika nyanda za juu za Mbulu, lilikuwa kubwa kama mavuno.

Mwaka 1991 nilikuwa na umri wa miaka 11. Nyumbani tulisema Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na udugu na Kiswahili. Kiswahili cha darasani kilikuwa kikavu kama chaki. Kile chenye damu kilitoka redioni, katika nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978, ambayo wapenzi waliiita kwa jina la mtindo wake, Sikinde. Mshindani wake alikuwa Msondo, bendi ya wafanyakazi iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Vijana wa kwetu waligawanyika baina ya hizo mbili, na ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana kwa ajili ya waimbaji wasiopata kuwaona.

Msomaji kijana atauliza: kwa nini hamkununua santuri? Santuri nyingi za zamani zilitengenezwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Katika zama hizo bendi zetu ziliingia studio ya Radio Tanzania, zikarekodi nyimbo zao mpya, na kanda zikabaki pale pale. Kanda za kunakiliwa ziliuzwa mijini. Kwetu zilifika kwa nadra. Basi mpenzi wa muziki alikuwa na njia moja tu, nayo ni kumngoja mtangazaji.

Kungoja huko kulikuwa na kanuni. Kwa kuwa wimbo uliweza kupita mara moja usirudi kwa siku nyingi, tuligawana kazi ya kuukamata. Kaka yangu alishika ubeti wa kwanza, jirani yetu wa pili, na mimi niliyekuwa mdogo nilipewa kiitikio. Ulipokwisha, kila mmoja alitoa alichokishika, tukauunga, tukabishania neno moja hadi usingizi ukatushinda. Nimekaa katika semina nyingi tangu hapo. Sijaona iliyolipima neno kwa uchungu kama ile.

Lakini redio ilikuwa ya baba, na betri zilikuwa chache. Yeye aliwasha kwa mambo mawili: habari, na matangazo ya vifo, maana kwa njia hiyo watu waliotawanyika mbali walijua ni nani amefariki na atazikwa wapi. Alipolala, sisi tuliichukua kwa siri. Mchana tulizianika betri juani zipate nguvu kidogo, nasi tukajiona wenye akili.

Wiki moja zilienea habari kwamba Sikinde wameingia studio. Tulingoja usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, redio ikiwa chini ya blanketi. Usiku wa tano wimbo ulikuja. Ubeti wa kwanza tuliupata wote; katika wa pili sauti ilififia, ikazama. Asubuhi ilinyesha mvua, wala hapakuwa na jua la kuanikia. Baba akasema atanunua betri nyingine siku ya mnada.

Baada ya juma moja ilifika barua ya binamu yetu wa Katesh, chini ya mlima Hanang. Alikuwa mpenzi wa Sikinde kama sisi, na juu ya karatasi aliandika ubeti wa pili wote, kwa mwandiko mzuri. Chini yake aliandika: poleni na msiba wa babu wa Basotu, tangazo lilisomwa redioni mara mbili, tulimngoja baba yenu hadi jioni, ndipo tukazika.

Ubeti tuliokuwa na kiu nao ulikuwa mkononi, wala hakuna aliyeuimba. Kaka aliipeleka barua kwa baba. Baba aliisoma yote, hata ule ubeti, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akiwasha redio usiku. Kaka akajibu, "Ni mimi, baba." Mimi nilinyamaza. Baba hakumpiga. Alichukua fimbo yake na shuka lake, akashika njia ya Basotu kwenda kuomba radhi.

Leo wimbo mpya hufika Katesh na Dar es Salaam katika dakika ile ile, kwa simu ya mkononi, na habari ya msiba hufika vivyo hivyo. Siwaambii wanafunzi wangu kwamba zamani ilikuwa bora; kwa simu moja baba angalimzika mjomba wake. Nawaambia tu kwamba Kiswahili ninachowafundisha nilikipata kwa kungoja, na kwamba betri nilizozimaliza kwa kungoja huko hazikuwa zangu.

Baba amekwisha kufariki, wala hakupata kusikia kinywani mwangu maneno mawili mafupi: na mimi. Nimeyachelewesha mno; nayaandika hapa.