Nyuzi Nilizozigeuza

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Ngagara aliniagiza kabati la vitabu lenye rafu tisa, kila moja urefu wa sentimita 110 na upana wa 25. Karatasi ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Ukikata kwa kufuata nyuzi za uso wake, inatoa rafu nane. Ukikata kwa kukingamisha, zinatoka tisa. Nilimtoza karatasi mbili, nikanunua moja, nikakingamisha.

Sikuwa mwanafunzi, nilijua ninachofanya. Ubao una nguvu kwa kufuata nyuzi na ni dhaifu kwa kukingama, ndiyo maana plaiwudi hulazwa tabaka moja huku, jingine kule. Wateja wengi huamini kwamba kwa hiyo imekuwa sawa pande zote. Katika plaiwudi ya matabaka matatu yenye unene sawa, yanayozuia rafu isipinde hasa ni mawili ya nje, kwa kuwa yako mbali na katikati. Nyuzi zake zikifuata urefu wa rafu, ugumu wa kupinda huwa karibu mara kumi zaidi kuliko zikikingama. Mimi kamusi na ensaiklopidia za Mwalimu nililiachia tabaka la kati peke yake.

Rafu ikilemewa, uso wa chini huvutika. Nyuzi zilizokingama huachana, ufa mwembamba hupanda mpaka kwenye tabaka la kati, hukuta nyuzi zimeuzibia njia, basi hugeuka na kuifuata gundi. Matabaka hubanduka kwa ndani, jicho lisikofika. Sikio hufika. Mwalimu alinipigia simu: "Fundi, usiku kabati linalia." Nikamjibu, "Ni unyevu wa masika, Mwalimu. Na vitabu vyako ni vizito mno. Litatulia."

Nyambizi ya Titan, ambayo mwili wake ulikuwa wa matabaka ya nyuzi za kaboni, ilitoa mlio mkubwa Julai 2022 ikirudi juu kutoka kilindini. Ikaendelea kutumika. Tarehe 18 Juni 2023 ilipondeka baharini na watu watano wakafa. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka simu ya Mwalimu, nikashindwa kuendelea na kazi.

Maana rafu ya katikati ilikuwa imeshavunjika, ikamwangukia mjukuu wake mguuni, mtoto akafungwa plasta. Nilibadilisha ile moja bila malipo, na Mwalimu akanishukuru mbele ya majirani. Nikazipokea shukrani zile.

Mwalimu, haukuwa unyevu, wala vitabu vyako havina kosa. Mtoto aliumia kwa sababu ya bei ya karatasi moja niliyoitia mfukoni. Pesa hiyo naileta, pamoja na ya hospitali. Lakini rafu nane zilizobaki nilizikata vilevile. Tafadhali, shusha vitabu leo hii, usinisubiri nifike, na watoto wasikae karibu na ukuta ule.