Nani Hajafika?

Watu wa Eldoret wakisikia kocha wa soka amekabidhiwa ofisi ya riadha, hushangaa. Huu ni mji wa mkimbiaji Kipchoge Keino, na uwanja wenye jina lake uko hapa hapa. Soka ilikuwa na enzi zake, kweli: Rivatex, timu ya kiwanda cha nguo, ilicheza ligi kuu. Kiwanda kikayumba, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007, vitambaa vikarudi. Ile timu ya ligi kuu tunaisubiri bado.

Nilifundisha soka chuoni miaka mingi kabla ya kupewa usimamizi wa michezo yote, riadha ikiwemo. Mbinu za mita 5,000 nawaachia wanaozijua. Nilichotoka nacho kwenye soka ni swali moja tu: nani hajafika?

Mazoezi ya soka yakianza saa kumi jioni, beki wa kushoto asipoonekana, kufikia saa kumi na robo timu nzima imeshajua, maana pengo liko wazi uwanjani. Wakipigiwa simu, huyu atasema kafiwa, yule atasema hana nauli. Mwanariadha hana kinga hiyo. Anatoka alfajiri, anajiunga na kundi lisilo na orodha kwenye barabara ya murram, na asipotokea kesho yake wenzake hudhani kahamia kambi nyingine, Kaptagat au Iten. Wiki inapita, hakuna aliyepiga simu.

Septemba 2021, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Tarehe 13 Oktoba alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Rebecca Cheptegei wa Uganda alirudi kutoka marathoni ya Olimpiki ya Paris, akamwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans Nzoia. Alifariki tarehe 5 Septemba 2024 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa mjini kwetu. Sisemi daftari la mahudhurio lingewaokoa. Nasema hao walikuwa na majina makubwa, na mabinti ninaowasimamia bado hawajulikani na yeyote.

Linaloniuma ni kwamba utaratibu wa kumfuatilia mwanariadha tunao. Wale wa ngazi ya juu hutakiwa kuwaambia wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu, kwa kila siku, mahali na muda wa saa moja watakapopatikana. Wakikosa mara tatu ndani ya miezi 12, wanaweza kufungiwa. Kwa ajili ya mkojo, dunia nzima inajua binti yuko wapi. Kwa ajili ya usalama wake, je?

Basi niliwagawa wakimbiaji wangu katika makundi madogo, kila kundi na nahodha wake kama timu ya soka. Asipofika mtu, nahodha hunipigia kabla ya darasa la kwanza. Na kila anayeanza kupata hela za mashindano naketi naye mlango ukiwa wazi nusu, katibu akiwa pale nje, namuuliza kadi ya benki iko kwa nani. Mmoja alinijibu:

"Kocha, iko kwa yule anayenisaidia mazoezi nyumbani."

"Na namba ya siri?"

Akatazama viatu vyake. Hakuhitaji kunijibu. Tulikwenda benki siku hiyo hiyo, akafunga kadi ile na kuomba nyingine, akaandika namba mpya mwenyewe huku mimi nimegeukia dirishani. Wenye shida kubwa kuliko hiyo nawaelekeza kwa Tirop's Angels, shirika lililoanzishwa na jamaa zake Agnes na wanariadha wenzake.

Bajeti ya safari hubishaniwa kila muhula. Wakuu huuliza kwa nini nauli na malazi ya msimamizi wa kike yametangulia viatu vya misumari kwenye orodha yangu. Nawaeleza, wanakata, naandika upya, na mstari huo unabaki wa kwanza.