Cyangugu ni Wapi, Bibi?

Mjukuu wangu amepangiwa kazi ya uuguzi Rusizi. Aliniletea habari hiyo Ijumaa jioni, nimekaa barazani hapa Nyamirambo, Kigali, nachambua maharage. "Bibi, wamenipeleka Rusizi. Huko kuna nini?" Nikamuuliza ni Rusizi sehemu gani, Kamembe au Cyangugu. Akanitazama. "Cyangugu ni wapi, Bibi?"

Nikaweka ungo chini. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne, na mama yake alizaliwa Cyangugu, hatua mia mbili kutoka majini. Kosa si lake. Tangu 2006, mikoa ilipopangwa upya, Cyangugu si mkoa tena. Wilaya inaitwa Rusizi, basi limeandikwa Rusizi, na likifika kondakta anaita Kamembe. Cyangugu limebaki kuwa jina la kipande cha chini, kule ziwani, ambacho abiria wengi hukipita macho yao yakiwa mpakani.

Alipewa wiki tatu za kujibu. Baadaye akaongeza na lake: "Tuhame wote, Bibi." Kwa hiyo swali likawa la watu wawili. Yeye aliuliza kuna nini, mimi niliuliza kumebaki nini.

Asiyewahi kufika nimweleze. Kutoka Kigali ni zaidi ya kilomita 220. Unapita Huye, unapanda mpaka Kitabi kwenye mashamba ya chai, halafu unaingia msitu wa Nyungwe, ambao tangu 2023 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Humo ndani maji hugawana: mvua ya upande mmoja inakwenda Nile, ya upande wa pili inakwenda Kongo. Ukitokea Gisakura, masikio bado yana baridi, unaanza kuliona ziwa. Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata aliyejenga ufukweni bado amejenga milimani. Kamembe iko kilimani, ina soko, stendi, mabenki na uwanja wa ndege. Cyangugu iko chini, mahali Mto Rusizi unapotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Na ng'ambo ya maji ni Bukavu, imenyoosha rasi zake tano ziwani kama vidole vya mkono, karibu kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa.

Nilizaliwa huko 1959. Mimi na sambaza tulifika pamoja. Samaki wale hawakuwa wa Kivu. Walitolewa Tanganyika na kumwagwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950, na Baba alipenda kusema kwamba yeye ni mkubwa kuliko samaki anaowala. Mama naye alidai kuwa bwawa la kwanza la umeme, lile la Mururu, lilianza kazi mwaka alioolewa. Nimetafuta, nikakuta 1958 sehemu moja na 1959 sehemu nyingine. Ikiwa ni 1959, basi aliolewa mwaka ule ule nilipozaliwa. Nimeuacha mwaka huo alipouweka Mama.

Lakini ninayetaka mjukuu wangu amjue ni mwenye duka.

Duka lilikuwa barabara ya chini, lina milango miwili ya mbao iliyopakwa kijani na kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa nyayo. Mwenyewe tulimwita Babu wa Duka, na mji mzima ulimwita hivyo, hata wazee wa rika lake. Baba yake alitoka Ujiji. Yeye alizaliwa papo hapo Cyangugu, ila Kiswahili chake kilikuwa cha baba yake, na alikilinda kama mtu anavyolinda kisima. Sisi watoto tulisema Kiswahili cha darajani, kile cha Bukavu, kisichojali ngeli. Siku moja Mama alinituma kitambaa cha sare ya shule. Nikasema, "Babu, nipe ile kitambaa ya bluu." Hakushika mkasi. Aliweka viganja viwili mezani, akangoja. "Ile nini, mwanangu?" "Ile kitambaa." Akangoja tena. Nyuma yangu walikuwepo wanawake waliokuja kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Nkombo, nao wakangoja, hakuna aliyeguna. Mpaka nikapata: "Kile kitambaa cha bluu." Ndipo alipofungua chupa ya peremende, akanipa moja, akaanza kupima. Kiswahili ninachoandika hapa nilikipata kwenye meza ile.

Meza yenyewe ilikuwa na misumari miwili ya shaba ukingoni, umbali wa yadi moja. Alikunjua kitenge, akakivuta kutoka msumari hadi msumari, akihesabu kwa sauti ya chini, na kila yadi aliiongezea upana wa vidole viwili. "Hiyo ya maji," alisema, kwa sababu kitambaa kipya hunywea kikifuliwa. Mkasi aliutumia mara moja tu, pale pindoni. Kilichobaki alikichana kwa mikono, mara moja, na ule mlio wa nguo inayochanika ulisikika mpaka barabarani. Hapo ndipo harufu ilipotoka kwenye mikunjo: nta, wanga, na nyuma yake mafuta ya taa yaliyokaa kwenye debe chini ya meza, na gunia la sambaza wakavu lililoegemezwa mlangoni. Nguo zetu za Idi zote zilinukia hivyo hadi zifuliwe mara ya kwanza. Sijawahi kuikuta harufu ile mahali pengine, na nimeingia maduka mengi ya vitenge.

Daftari lake la madeni lilikuwa na kurasa za upande wa huku na kurasa za ng'ambo. Mwanamke wa Bukavu alichukua pisi ya yadi 6, akaandikwa, akavuka nayo. Wiki iliyofuata alirudi na nusu ya pesa na chupa ya mawese. Mama alifanya kinyume chake: alivuka na maharage na mayai, akarudi na mawese, sabuni, wakati mwingine makayabu, samaki wa chumvi. Nilimfuata mara nyingi. Daraja lilikuwa jembamba, la mbao, na mbao zililia chini ya miguu. Katikati Mama alishusha kapu, akapumzika, akatazama mto. Sikuwa na habari kwamba pale ni mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine. Nilijua kuwa sisi tunalala upande huu na soko kubwa liko upande ule.

Jioni, nje ya duka, kulikuwa na benchi. Wanaume walikaa pale kutazama wavuvi wakitoka: mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu iliyochomoza kama pembe, wavu katikati, taa za karabai zikiwashwa moja baada ya nyingine, na wimbo wa makasia unaofika ufukweni ukiwa umekatika vipande. Mwezi ukiwa mpevu hawakutoka, maana sambaza hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Usiku wa kiza hukuweza kujua taa ipi ya mvuvi na ipi ya Bukavu.

Babu wa Duka alifariki mwaka 1990. Kaka yangu anasema ni 1991. Nilikwenda makaburini kuhakikisha, nikakuta maandishi yamelika. Haidhuru. Alikufa mapema, akiwa kitandani kwake, na watu wa pande zote mbili walivuka kuja kumzika.

Kisha ukaja ule mwaka wa mauaji ya kimbari. Namshukuru Mungu kwamba hakuuona.

Sisi tuliobaki tukahamia Kigali. Cyangugu nikawa nakwenda kuzika na kuoza, siku mbili, tatu, narudi. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi likapiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, watu wakiwa kanisani. Ukuta wa duka ukapata ufa kutoka dari hadi sakafu. Mwaka 2017 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, nikamkumbuka mzee na peremende zake. Ikajengwa lami ya kandokando ya ziwa, Rusizi mpaka Karongi mpaka Rubavu. Ikaja korona, na Juni 2020, sehemu nyingine za nchi zilipoanza kufunguliwa, Rusizi ikaendelea kufungwa. Habari za vita za ng'ambo za miaka hii ya karibuni mmezisikia.

Basi mwezi uliopita tukaenda, mimi na mjukuu, kujionea kabla hajajibu.

Kamembe imekua, sina ubishi. Ghorofa, taa za barabarani, lami, maji yanatoka bombani. Mtoto alifurahi. Mimi niliingia duka la vitenge, kijana anayeuza hakuinua macho kwenye simu. Nikamuuliza kitenge kile cha njano kimetoka wapi. "Sijui," akasema, na bei. Kilikuwa kimekunjwa tayari ndani ya plastiki, kimeshapimwa na mashine mahali fulani. Nikakinunua, na nilipofika nyumbani nikakipima kwa mkono wangu: hakikufika yadi 6. Hilo liliniuma kuliko ukubwa wake. Mtu aliyekuwa akikuongezea vidole viwili vya maji, mahali pake pamekaliwa na mtu anayekupunja shubiri nzima bila kukutazama.

Tukateremka chini kwa pikipiki mbili. Duka halipo. Limebomolewa, uwanja umesawazishwa, umemwagiwa kokoto, umezungushiwa mabati. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pembeni, meza ilikwenda wapi. Akasema mbao zote ziligawanywa kuwa kuni. Nikamwuliza kuhusu misumari ya shaba. Hakujua ninachosema. Sina hasira na yeye. Nina hasira na walioona ufa mmoja wakaamua kwamba nyumba nzima haina thamani, bila hata kumuuliza mtu aliyewahi kununua humo. Na mahali palipokuwa na njia ya kushukia majini, ambapo kila mtoto wa Cyangugu alijifunza kuogelea, sasa ni ukuta mrefu wenye geti. Mji uliozaliwa na ziwa unaligeuzia ziwa mgongo, na hakuna anayelalamika kwa sababu walioliona ziwa bila ukuta tumebaki wachache.

Nilimweleza mjukuu haya yote kwa sauti kubwa pale barabarani. Akaninyamazisha kwa kunishika mkono, akanipeleka mpaka mahali ambapo ukuta unaishia.

Tukakaa juu ya jiwe. Saa kumi na mbili. Mitumbwi ikatoka, mitatu mitatu, kama zamani, ila taa sasa ni nyeupe za betri. "Zile pembe ni za nini, Bibi?" Nikamweleza habari ya miti, wavu, na mwezi. Akaniuliza kwa nini sambaza wanafuata taa. Akauliza wale wanaimba nini. Alikuwa hajaniuliza maswali mengi hivyo tangu ana miaka saba.

Halafu akauliza lile ambalo nilikuwa nalisubiri. "Na mpaka ukifungwa?"

Sikumdanganya. Nikamwambia Cyangugu haijawahi kuwa mji kamili peke yake; ni nusu ya mji, na nusu ya pili iko pale inakowaka taa. Nikiwa na miaka minane, mwaka 1967, tulisikia mizinga ikipigwa Bukavu na kuwaona mamluki wakivuka daraja lile lile la Mama. Daraja likipitika, Rusizi inacheka: nyanya zinauzwa, kuku wanauzwa, watoto wanalipiwa shule. Likifungwa, hata muuguzi atauona mji umenyong'onyea, akina mama wamekaa na makapu yasiyokwenda popote. Anayehamia pale ahamie akijua kwamba atakuwa akiamka na kuuliza habari za ng'ambo kabla ya kuuliza za Kigali.

"Kwa hiyo nisiende?"

"Uende. Ila usipange Kamembe nyuma ya stendi, kwa sababu tu ni karibu na kazini. Tafuta nyumba inayotazama maji."

Amepata moja kwenye mteremko, vyumba viwili, bati limechakaa, choo kiko nje. Amelipa kodi ya miezi mitatu. Jana amenipigia simu kuniambia kwamba jirani, mwanamke aliyeolewa kutoka Bukavu, amemletea sahani ya sombe na sambaza, na kwamba yeye akasema, "Asante kwa ile sahani." Nikamkatiza. Ile nini, mwanangu? Akacheka, akasema, "Lakini Bibi, sahani ni *ile*."

Ni kweli, sahani ni ile. Nimeanza kufunga mizigo.