Chungu Kimoja

Watu wa kwetu humsifu mtoto mnene. Mgeni akiingia nyumbani na kumwona mtoto mwenye mashavu ya kujaa, kwanza huwapongeza wazazi, maana hudhani kwamba nyumba hiyo ina neema. Sifa hii ina asili yake, nami siicheki. Wazee wetu waliona njaa, wakaona na watoto waliokonda, kwa hiyo unene kwao ulikuwa dalili ya salama. Lakini mambo ya dunia hugeuka, na desturi iliyofaa jana yaweza kumwumiza mtoto wa leo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, wasomaji wapenzi, niwaeleze habari za chungu cha nyumbani kwetu Tororo, na habari za mdogo wangu wa kiume ambaye kwa ajili yake chungu hicho kilibadilika.

Mdogo wangu sasa ana miaka 12. Alipokuwa na miaka 11 alianza kuukimbia mpira. Zamani alikuwa haambiliki. Akitoka shule hutupa mkoba mlangoni na kwenda zake uwanjani. Ila wenzake walikwisha mpa jina la "Tangi," na kila alipochoka na kusimama walimcheka. Basi akawa akirudi huketi mbele ya televisheni na andazi mkononi. Usiku alikoroma kama mzee, na mara nyingi alilalamika magoti. Mama hakupendezwa, akampeleka zahanati.

Mwuguzi alimpima, akaona ana kilo 43 na urefu wa sentimita 142. Kisha akamfundisha mama hesabu ambayo hata sisi wanafunzi twaweza kuifanya: chukua uzito kwa kilo, uugawanye kwa urefu kwa mita, na jibu uligawanye tena kwa urefu ule ule. Kwa mdogo wangu ilikuwa 21 na kitu. Kwa mtu mzima jibu hilo ni jema kabisa, lakini kwa mtoto haifai kulitazama peke yake, bali hulinganishwa na umri wake na kama ni wa kiume au wa kike. Katika chati ya watoto alikuwa amepita mstari wa uzito wa kufaa, ijapokuwa hajafika ule wa pili, ambao ndio wa unene wa hatari.

Mwuguzi akasema maneno mawili ambayo mama aliyarudia nyumbani mara nyingi. La kwanza: "Mama, usimshindishe na njaa. Mtoto huyu angali anakua. Uzito ukisimama hapo ulipo, urefu utamfikia." La pili: "Wala usimpikie chungu chake. Mkimtenga, mtamvunja moyo. Nyumba nzima ile chakula kimoja."

Neno hili la pili ndilo lililokuwa zito. Sisi nyumbani tu watu 6: baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, dada yangu na mdogo wetu. Baba ni dereva wa lori la safari ndefu. Akirudi kutoka Mombasa hupenda kukuta nyama ya kukaanga na chapati zing'aazo kwa mafuta. Kumwambia mtu aliyekesha barabarani siku tatu kwamba mafuta yamepunguzwa kwa ajili ya mtoto si jambo jepesi. Mama alimwambia usiku ule ule aliporudi. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huko shuleni wanamwita nani?" Mama akamwambia. Baba hakuuliza tena. Akasema, "Basi nami nitakula hicho hicho."

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana nasaha bila kipimo ni maneno matupu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, hali gramu moja ya wanga au ya protini ina 4 tu. Kwa hiyo mafuta kidogo yana nguvu nyingi, na nguvu isiyotumika mwili huiweka akiba. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi, yaani karibu kilokalori 120. Likizo ile nilipokuja nyumbani tulipima na mama. Mafuta aliyozoea kuyamimina kwa upawa katika chungu kimoja cha mchuzi yalikuwa vijiko 7. Tukaamua viwe viwili. Vijiko 5 vilivyobaki ni kilokalori 600 hivi, na zikigawanywa kwa watu 6 kila mmoja amepunguziwa 100 katika mlo mmoja, wala hakuna aliyeondoka mezani na njaa.

Vitunguu mama huvikaanga kwa kijiko kimoja, na vikianza kushika huongeza maji kidogo badala ya mafuta. Kisha nyanya nyingi, na mchuzi huwa mzito wenyewe. Samaki, ambaye zamani aliogelea katika karai la mafuta, sasa huchomwa juu ya makaa au hupikwa kwa nyanya na ndimu. Kuku huvuliwa ngozi kabla ya kuingia chunguni, kwa sababu mafuta yake mengi yamekaa katika ngozi na chini yake. Nyama hukatwa vipande vidogo, mafuta yaonekanayo yakaondolewa, na maharagwe au kunde zikaongezwa ili chungu kijae. Maziwa yakichemka na kupoa, utando wa malai huondolewa. Ndizi za matoke tangu zamani hupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, hazihitaji hata tone la mafuta.

Karanga zilituletea mjadala. Mchuzi wa karanga na wa simsim ni fahari ya nchi yetu, na mama aliogopa kwamba itampasa kuuacha. Ni kweli kwamba karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Lakini ni mafuta ya mimea, tena yamekuja pamoja na protini nzuri, kwa hiyo si adui wa kufukuzwa bali mgeni wa kupimiwa. Siku ya mchuzi wa karanga mafuta mengine hayatiwi kabisa, na karanga zenyewe huchanganywa na majani ya kunde au mchicha mwingi. Chapati nazo hazikufa. Hupikwa Jumapili, katika kikaango kilichopakwa mafuta kidogo, moja kwa kila mtu.

Wala msidhani kwamba mafuta peke yake ndiyo yenye lawama. Soda nyingi tamu zina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Basi chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hivi, ambazo ni vijiko vya chai 7 na zaidi. Nani kati yetu angekubali kunywa kikombe cha chai chenye vijiko 7? Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote tuipatayo kwa chakula, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwetu chai ilishuka kutoka vijiko 3 hadi kimoja, kwa kupunguza nusu kijiko kila juma, na soda ikawa ya sikukuu. Chungwa twalila, hatulikamui, maana ukilila wapata na nyuzinyuzi zake, na tumbo hutosheka.

Bibi ndiye aliyepinga. Alipoona sahani ya mjukuu wake imejaa majani nusu nzima, kilima cha ugali kimekuwa robo, na samaki robo, alisukuma chakula chake akasema kwa uchungu, "Mwanangu, mnamnyima mtoto hali ya kuwa chakula kipo. Mimi nimezika mtoto." Hatukuwa na jibu. Bibi alikuwa mama katika miaka ile ambapo watoto wengi wa Uganda waliugua kwashakoo, wakavimba miguu na nywele zao zikageuka rangi. Ni kwa ajili ya watoto kama hao kliniki ya Mwanamugimu ilianzishwa huko Mulago mwaka 1965, ili mama wafundishwe kuwachanganyia vyakula na kuwarudishia afya. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kufurahia kuona sahani ya mtoto ikipunguzwa ugali.

Mama hakushindana naye. Asubuhi yake alimwuliza tu, "Mama, ninyi mlipokuwa watoto mlikula nini?" Bibi akataja: ugali wa wimbi, majani ya kunde ambayo sisi twayaita boo, samaki wa kukauka, viazi vitamu, maziwa ya mgando, na nyama kwa nadra. Mafuta ya kopo hayakuwako. Mama akasema, "Basi nisaidie nipike hivyo." Tangu siku ile bibi ndiye msimamizi wa jiko, na ole wake aongezaye kijiko cha tatu.

Nilipokuwa nikisoma baadaye katika maktaba niliona kwamba bibi yu pamoja na wataalamu. Dakta Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, na Dakta Hugh Trowell wa Uingereza, walifanya kazi Mulago miaka mingi. Katika miaka ya 1970 waliandika kwamba maradhi kadha wa kadha yaliyoenea katika nchi za matajiri, unene na kisukari yakiwamo, walikuwa wameyaona kwa nadra sana kwa watu wa vijijini huku kwetu, na kwamba sababu moja kubwa ni chakula chao kisichokobolewa, chenye nyuzinyuzi tele. Leo tofauti hiyo inafutika. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 duniani. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 20. Wakati huo huo wako watoto wanaokosa chakula, pengine katika kijiji kile kile. Mzazi wa siku hizi analinda milango miwili.

Chakula peke yake hakitoshi. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji angalau dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Mdogo wangu hakutaka kurudi uwanjani, nasi hatukumlazimisha. Mimi na dada tulianza kucheza naye uani, kisha akawa aenda kwa baiskeli kuchota maji, kisha akawaita watoto wawili wa jirani. Kanuni yetu ilikuwa moja: mezani hakuna anayetaja uzito, wala hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Zilikuwako siku mbaya. Kuna jioni alikutwa nyuma ya duka na mandazi matatu, akalia kwa aibu. Baba alikuwapo. Alimkalisha karibu naye, akamwambia, "Hata mimi huko njiani nilikula chipsi jana. Kesho tuanze tena." Wakaanza tena.

Mwaka ulipotimia alipimwa: kilo 44, urefu sentimita 148. Uzito umeongezeka kilo moja, urefu sentimita 6, na ile hesabu imeshuka ikawa 20 na ushei. Bado yuko juu kidogo ya mstari, lakini magoti hayamwumi, kukoroma kumepungua, na jina la "Tangi" limebaki kwa wachache. Baba naye suruali zake zataka mshipi.

Enyi wanafunzi wenzangu, ambao kila siku twalinung'unikia sufuria la posho na maharagwe, hebu litazameni tena: ni chakula chenye mafuta kidogo, kikiongezewa mboga za majani na tunda hakina haya mbele ya mtu. Kinachotuharibia ni vile tununuavyo mapumzikoni. Na ninyi mliokwisha soma hapa, ambao sasa mna watoto, nawaomba kwa heshima mwangalie mambo matatu. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta, kwani ayahitaji kwa kukua na kwa ubongo wake. Mtoto mnene asipewe dawa za kukondesha za dukani wala asifungishwe njaa, bali apelekwe apimwe kwanza. Na la tatu, msimwamuru mtoto ale msichokula ninyi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo yaanzia kwenye sahani ya baba na kijiko cha mama.