Amana ya Bweni: Kutoka Nanighi hadi Garissa

Nanighi huamka na mto. Maji ya Tana hupita mekundu kwa udongo, na mitumbwi huvusha watu. Kijana wa hapa atakaye elimu ya juu huupanda mto hadi Garissa.

Huko kipo Chuo Kikuu cha Garissa, kilichokuwa chuo cha walimu, kisha mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mzazi afikapo langoni huikumbuka alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipoingia mabwenini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi Wakristo waliotoka mbali. Walikuwa wageni wetu.

Masomo yalirejea Januari 2016, na mwaka 2017 chuo kikapata hati yake kamili. Milango imefunguliwa, lakini bweni halilindwi na lango peke yake. Mwanafunzi wa bweni hana mama wa kumwamsha; ana ndoo yake, sanduku lake, na mwenzake wa kitanda cha juu, ambaye pengine hawafanani kwa lugha wala kwa dini. Akiugua usiku, huyo ndiye nduguye.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Mtoto wa mwenzio aliyelala mjini kwenu ni amana. Nasi tunaowapeleka wetu Nairobi na Mombasa, twapenda wapokewe vipi? Basi tuwapokee hivyo wa wenzetu.