Kitufe cha nyuma ya ruta

Juzi nilinunua printa ya kuchapia picha za mabiharusi ninaowashonea. Muuzaji akataka nywila ya nyumbani aje aiunge mwenyewe. Nikakataa: picha za wanawake bila mitandio ni amana. Nikabonyeza kitufe cha WPS cha ruta, kisha cha printa kabla ya dakika 2 kwisha. Vikaungana, sikuandika chochote.

Mdogo wangu akanionya: WPS ya tarakimu 8 si salama. Ruta huzikagua nusu nusu, kwa hiyo mwizi huotea nne za mwanzo, kisha zilizobaki. Nikaizima siku ileile.

Dada, mlango wa mbao tunaufunga kila magharibi. Na huu usioonekana tuufunge, inshaallah.